Balbu Iliyoacha Kukonyeza

Haya, akina mama wa benchi la mbele, sogeeni kidogo. Na nyie akina baba mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema, nimewaona. Leo ni Jumapili yetu wanawake, mchungaji amenipa mimi nafasi ya kusimama hapa, ila amenisihi sana nisitaje mtu jina. Nimemwahidi. Kwa hiyo nikiwa nasimulia, mtu asigeuke kumtazama mwenzake. Na wewe unayejua habari hii, funga mdomo wako kama mimi ninavyofunga wangu.

Mnacheka nini?

Kulikuwa na wanawake wawili waliojenga jirani. Kati ya nyumba na nyumba palikuwa na kauchochoro ka kupita mtu mmoja na ndoo yake. Huyu wa kwanza ndiye aliyetangulia mtaa ule kuvutiwa umeme, basi tumwite Mwenye Mita. Wa pili mita hakuwa nayo, alikuwa na balbu moja tu, na sasa hivi nitawaambia aliipataje. Huyo tumwite Mwenye Balbu.

Wazee mnaokumbuka mtanisaidia. Umeme ulipofika siku zile ulikuwa mgeni kweli kweli. Watu walikuwa wanakwenda kuutembelea. Mtu anaketi kwenye kochi la mwenzake, anaitazama taa kama anatazama bibi harusi, kisha anaaga anakwenda zake, hata maji hakunywa. Mwenye Mita alipowashiwa siku ya kwanza, alikaa sebuleni kwake akaona raha ile haimkai vizuri. Akamwambia mumewe:

"Baba nanii, mimi siwezi kukaa kwenye mwanga huu na mwenzangu pale anachagua mchele kwa kibatari."

"Sasa unataka nimpelekee mwanga kwa ndoo?"

"Mpelekee kwa waya."

Jumamosi iliyofuata wale waume wawili wakavuta waya kutoka nyumba hii kwenda ile. Ngazi ilikuwa fupi, basi mmoja akapanda mabegani mwa mwenzake, na wake zao chini wanatoa maelekezo ambayo hakuna aliyewaomba. "Kushoto! Siyo kushoto kwako, kushoto kwetu!" Waya ukapita juu ya uchochoro, ukaingia chini ya bati la Mwenye Balbu, ukateremka hadi katikati ya chumba chake. Wale waume sasa wote wamelala kule makaburini nyuma ya shule, Bwana awapumzishe, lakini fundo walilofunga siku ile lilibaki pale pale.

Sasa sikilizeni utamu wenyewe. Meni swichi, ile ya kuzimia umeme wote, ilikuwa kwa Mwenye Mita, nyuma ya mlango wa sebule. Akiishusha na kuipandisha haraka, taa za nyumba zote mbili zinazima na kuwaka, kama mtu aliyekonyeza jicho. Ikawa ndiyo alama yao. Balbu ikikonyeza mara moja, njoo, kuna habari. Ikikonyeza mara mbili, njoo mbio na usije na mtu. Mwenye Balbu alikuwa anaweza kuacha mtoto ana sabuni kichwani. "Ngoja hapo mwanangu, naitwa." Na yule mtoto anangoja, macho kafumba, mpaka habari iishe. Habari za siku zile zilikuwa ndefu.

Mvua za vuli zikianza, kumbikumbi wanatoka. Wale wawili wanaweka beseni la maji chini ya balbu, mmoja anashika huku, mwenzake kule, kumbikumbi wanaufuata mwanga wanadondoka humo kama wameitwa. Watoto wa mtaa mzima wamejaa mlangoni. Kesho yake wanawakaanga kwa chumvi, bila mafuta, maana mafuta wanayo wenyewe. Ile harufu, nani anaikumbuka? Inua mkono. Mnaona? Mikono yote iliyoinuka ni ya watu wenye mvi. Hawa wadogo wanatutazama kana kwamba tulikuwa tunakula misumari.

Basi. Mwenye Mita akaozesha binti yake.

Mambo ya sare mnayajua. Zamani ulikwenda harusini na khanga yako safi, umepasi kwa pasi ya mkaa, yakaisha. Siku hizi harusi bila sare watu wanaona kama msiba. Akina mama wa karibu wakachagua kitenge cha kijani chenye maua meupe, kila mtu akashona. Kila mtu isipokuwa Mwenye Balbu. Habari haikumfikia. Akaja na kitenge chake cha bluu, kizuri tu, akaingia ukumbini akakuta bustani nzima ya kijani. Na yule bibi harusi ni yeye aliyemwogesha siku aliyozaliwa! Mara mshereheshaji, mnawajua watu hawa na vipaza sauti vyao, akatangaza: "Akina mama wa sare, mama zake bibi harusi, njooni mbele tupige picha!" Ukumbi ukainuka. Mwenye Balbu akabaki ameketi peke yake pembeni mwa kreti za soda.

Mpiga picha akamwambia, "Mama, hebu sogea kidogo, unaingia kwenye picha."

Akasogea. Akasogea mpaka nyumbani kwake.

Mwenye Mita alikuwa amemtuma mtu ampelekee habari ya ile sare. Huyo mtu ni nani? Nimeshawaambia sitaji majina. Lakini Mwenye Balbu hakuuliza, na Mwenye Mita hakueleza. Kila mmoja akasema moyoni, aanze yeye. Wakikutana bombani wanasalimia ndoo. Mmoja anafika anasema, "Hamjambo nyote," ili asijulikane amemsalimia nani.

Na ile balbu ikawa inawaka tu. Mwenye Mita hakuikata, hilo tumpe haki yake. Lakini haikukonyeza tena. Jioni Mwenye Balbu anakaa na ungo wake mapajani, macho juu. Balbu inawaka. Anachambua mchicha, anatazama juu, balbu inawaka. Ndugu zangu, mmewahi kukaa kwenye mwanga mzuri, mkatamani uzime japo kidogo?

Sasa wakati hao wamenuna, waya nao kule juu ulikuwa na mambo yake. Kila upepo ukivuma ulikuwa unasuguana na ukingo wa bati. Miaka yote ile! Mpira wake ukachubuka, shaba ikachungulia, ikaanza kugusa bati. Na kamba ya kuanikia nguo ya Mwenye Balbu ilikuwa waya wa chuma, umefungwa kwenye msumari wa bati hilo hilo. Siku moja anaanua shuka, shoti ikampiga, mkono ukafa ganzi mpaka kwapani.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Si angevuka uchochoro, apige hodi, aseme mwenzangu, umeme unataka kuniua, hebu zima? Yeye alifanya nini? Alianza kuanua nguo kwa mwiko wa ugali. Naapa. Kandambili miguuni, mwiko mkavu mkononi, anaengua nguo moja moja kama anaopoa maandazi. Mpita njia akishangaa, anaambiwa, "Mgongo, mwanangu. Mgongo haunyooki."

Akasikia kuna dawa ya waya mjini. Kwenye maduka ya vifaa vya umeme kuna kikopo kidogo, ndani mna mpira wa maji, mweusi, mzito kama uji wa ulezi, na brashi imeshikamana na kifuniko kama ile ya rangi ya kucha. Unaupaka kwenye waya uliochubuka, unakauka, unakuwa mpira tena kama ule uliokuja na waya kutoka kiwandani. Nimekiona kwa macho yangu. Nilitaka nijaribu ukucha mmoja, wakaninyang'anya.

Mwuza duka alimweleza vizuri tu. Mama, zima umeme. Safisha waya, ukauke. Paka mkono wa kwanza, mwembamba, ngoja ukauke. Paka mkono wa pili. Katika maneno yote hayo Mwenye Balbu alishika neno moja: paka.

Akapanda juu ya meza asubuhi, umande bado uko kwenye bati, waya una masizi ya moshi wa jikoni wa miaka na miaka, na umeme unapita ndani yake. Akabana pumzi, akapaka mkono mmoja mnene. Nyie! Kwa macho ulipendeza. Mweusi, unang'aa, huwezi kujua kama kulikuwa na kidonda. Akashuka, akajipongeza, akarudisha mwiko jikoni. Bombani akasema kwa sauti, ili asikie anayehusika, "Mimi mambo yangu najimalizia mwenyewe. Sihitaji mtu."

Lakini ule mpira ulishika masizi, haukushika waya. Mvua ya kwanza ikaubandua mzima mzima kama utando wa maziwa. Na mvua hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa Mwenye Balbu ndani mbio kuanua nguo, miguu mitupu, mikono yote miwili kwenye kamba.

Umeme ulimrusha hadi kwenye tuta la mchicha. Yuko hai, jamani, niseme mapema, maana naona wengine mmeshika vifua. Kiganja kiliungua. Alilala pale kwenye tope, mvua inampiga usoni, hakuna aliyemwona isipokuwa kuku. Mimi nilijuaje? Hayo hayawahusu. Akageuza shingo akaona kupitia mlangoni balbu yake inawaka, shwari kabisa, haina habari kama mwenye nyumba nusura afe. Ndipo akaogopa. Hakuogopa kufa tu. Aliogopa kufa hatua chache kutoka kwa mtu ambaye zamani angeijua habari hiyo kabla ya kuku.

Kesho yake akaita fundi. Alikuwa mtu mnene, mpenda maneno. Alipanda, akachungulia, akashuka haraka kuliko alivyopanda.

"Mama, huu waya una umeme."

"Ndiyo, baba. Ndiyo maana taa inawaka."

"Nani kaupaka hivi?"

"Wewe paka tu, fundi. Kopo hili hapa, limebaki nusu."

"Kopo naliona, brashi naiona. Ila mimi bado napenda wali, mama. Zima kwanza."

"Huku haizimiki."

"Inazimiwa wapi?"

Mwenye Balbu akaelekeza kidevu upande wa uchochoro.

"Basi kamwambie azime."

"Kamwambie wewe."

"Mimi nikaingie nyumba ya watu kuzima umeme wao? Wanipigie yowe la mwizi?" Akakuna kichwa. "Au niukate kabisa, mama, uombe mita yako? Siku hizi watu wote wana mita zao."

Mwenye Balbu akatazama juu. Lile fundo la mumewe lilikuwa bado lipo, baya, kubwa, la mtu aliyefunga huku anacheka mabegani mwa mwenzake.

"Usiukate," akasema.

"Basi nenda."

Akaenda. Kauchochoro kalikuwa kameota majani kwa kukosa miguu. Akapiga hodi.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi wa balbu."

Mlango ukafunguliwa. Mwenye Mita akakiona kile kiganja kilichofungwa kitambaa. Mwenye Balbu akasema huku anatazama kizingiti, "Naomba unizimie umeme. Waya umechubuka. Umenipiga."

"Umekupiga lini?"

"Jana. Na siku nyingine kabla."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuwa natumia mwiko."

Mwenye Mita aligeuka nyuma ya mlango akaishusha swichi kwa kishindo. Redio yake ikakatika katikati ya matangazo ya vifo, friji likanyamaza. Hakuuliza nani kakosea. Hakuuliza ya sare wala ya kreti za soda. Alizima kwanza.

Fundi akapanda. Akabandua ule utando, akakwangua masizi, akafuta waya kwa kitambaa mpaka shaba ikang'aa. Akakata kipande cha bomba la mpira akakitia kati ya waya na bati, wasisuguane tena. Ndipo akachovya brashi, akapaka mkono wa kwanza, mwembamba. "Sasa tungoje," akasema, "na fundi anayengoja huwa anakunywa chai."

Wale wawili wakakaa mkeka mmoja uani kwa Mwenye Balbu, kwa sababu kivuli kilikuwa kimoja. Mwanzoni kila mmoja alizungumza na fundi tu, kwa zamu. Fundi akapanda tena kutazama kama mpira umekauka, wakabaki hawana wa kumpitishia maneno.

"Hukuniambia sare," akasema Mwenye Balbu.

"Nilimtuma mtu."

"Hakufika."

"Kumbe! Tumtafute?"

"Wa nini? Tukimpata atatupiga picha upya?"

Mwenye Mita akacheka kidogo, akajizuia. Mwenye Balbu akaona mlango umefunguka, akatia mguu.

"Sare niliivumilia. Lakini mwenzangu, mbona hukukonyeza? Hata mara moja tu? Nimeitazama ile balbu mpaka shingo ikaniuma."

Mwenye Mita akaweka kikombe chini.

"Nilikonyeza."

"Lini?"

"Jumamosi ile kabla ya Jumapili ya Matawi. Jioni. Nilishusha, nikapandisha. Nikachemsha chai ya tangawizi, nikatoa vikombe viwili. Nikakaa."

Mwenye Balbu akaikumbuka ile jioni. Taa ilizima, ikawaka. Na yeye alifanyaje? Alisonya! Akasema, "Umeme wa siku hizi, kukatika-katika tu," akaenda zake kuweka kibatari karibu.

Mnanisikia lakini? Kitu alichokitamani jioni zote zile kilimjia, kikamwita kwa alama yake mwenyewe, na yeye akasema umeme umekatika.

"Ulikonyeza mara moja tu?" akauliza taratibu.

"Mara moja. Nikasema ameona, amekataa."

"Bibi wewe! Si zamani ulikuwa unakonyeza mpaka balbu inaungua?"

"Na wewe si zamani ulikuwa unakuja hata umeme ukikatika kweli?"

Wakatazamana. Wakacheka kile kicheko cha wazee, kinachotoka na machozi na makamasi pamoja, na fundi kule juu akadhani wanamcheka yeye, akaanza kujitetea.

Akapaka mkono wa pili. Akasema umeme usirudishwe mpaka mpira ukauke kabisa, na hao hawakuwa na haraka. Jua likazama wakiwa pale pale. Hatimaye Mwenye Mita akavuka uchochoro kwenda kuipandisha swichi, Mwenye Balbu akaingia kwake kupika. Balbu ikawaka. Akasimama chini yake, kisu mkononi, amekata nyanya nusu.

Ikazima, ikawaka. Ikazima, ikawaka.

Mara mbili! Alitoka miguu mitupu. Mboga aliiacha motoni, ikaungua, na harufu yake tuliisikia mtaa mzima.

Sasa sisi.

Sisi tuna vikopo vyetu humu ndani. Tumechubuana, na badala ya kuzima, tunapaka juu juu. "Sina neno naye." Si ndivyo tunavyosema? "Mimi sina neno naye." Tunashikana mikono ya amani hapa kanisani huku umeme unapita, tunapendeza, tunang'aa, tukipigwa na mvua moja tunabanduka. Na kuna mtu amekaa humu, simtazami, ambaye mwaka huu wote anaanua nguo kwa mwiko. Umejizoeza. Umeona ni utulivu. Dada yangu, huo siyo utulivu, huo ni mwiko. Iko siku mvua itakutoa ndani mbio, na mwiko utakuwa umeuacha jikoni.

Kuzima kunauma, najua, kwa sababu swichi mara nyingi iko nyumbani kwa yule yule usiyetaka kumwona. Utapita wapi? Utapita kwenye majani yaliyoota. Nenda useme neno dogo tu, waya umechubuka, umenipiga. Na wewe unayegongewa, usianze na mashtaka. Zima kwanza, chai baadaye, sare mwisho.

Na wewe uliyekonyeza mara moja ukasema basi nimemaliza wajibu, wewe nawe nina neno na wewe. Mungu angekonyeza mara moja akaacha, nani kati yetu angekuwa ameketi hapa leo? Alikuita ukiwa mgonjwa, ukasema ni malaria tu. Alikuita siku ya msiba wa mama yako, ukasema ni uchovu wa safari. Akakonyeza tena. Bado anakonyeza.

Mnanijia mara kwa mara mnaniambia, bibi, zamani palikuwa pazuri, jioni zile zimepita. Zimepita kwenda wapi? Vuli inakuja vile vile. Kumbikumbi wanatoka vile vile, mabeseni tunayo, tena makubwa kuliko ya wakati ule. Kinachokosekana ni mtu wa kushika upande wa pili wa beseni, na mtu huyo wengine mmekaa naye benchi moja, mmeweka mkoba katikati.

Nimemwomba mzee wa kanisa asimame pale ukutani kwenye swichi. Mzee, uko tayari? Taa za humu zitazima, kisha zitawaka. Zikiwaka, kila mmoja anamjua anayemngoja. Inuka uende, hata kama wimbo haujaisha, mimi nitamtuliza mchungaji. Na nikisikia mtu yeyote, hata mmoja, anasema umeme umekatika, nitaisahau ile ahadi yangu nianze kutaja majina.

Haya, mzee. Konyeza.